Kuhamia mfumo wa simu usio na watu wengi: ni nani mwingine anayepaswa kukubali?

Tarehe 31 Desemba 2019 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zote za Windows. Simu zenyewe hazikuwa zimeharibika. Lumia, mojawapo ya simu hizo, iliyonunuliwa miaka minne kabla ya siku hiyo iliendelea kuwaka, kamera yake ikaendelea kupiga picha safi, na mwenyewe aliyeitunza hakuwa na sababu yoyote ya kuitupa. Kilichoondoka ni kitu kimoja, nacho hakikuwa mali ya mtengenezaji wa simu wala ya mwenye simu: kampuni ya tatu ilihesabu watumiaji wake, ikaona hawatoshi kulipia kazi ya kuwahudumia. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye kundi la ukoo, la kikoba, la msikiti au kwaya, na la wazazi wa darasa la tatu yote yamo humo, simu nzima ilikwisha siku hiyo.

Kisa hicho hunijia kila mtu anaponiuliza kama inafaa kuachana na Android ya kawaida au iPhone na kuhamia kwenye mfumo usiojulikana sana. Waulizaji wengi huanza na ubora: je, una kasi, unatunza siri, unakula chaji? Maswali hayo yana majibu, na mara nyingi majibu yake yanapendeza. Swali gumu ni jingine, nalo huulizwa simu ikiwa imeshanunuliwa: ukiacha wewe na mtengenezaji, ni akina nani wengine wanaopaswa kukubali ili siku yako ipite bila kukwama?

Uchache wa aina gani?

Ukichukua dunia nzima, takriban simu janja saba katika kila kumi zinaendeshwa na Android, na karibu zote zilizobaki ni iPhone. Mifumo mingine yote ikikusanywa pamoja haifikii hata asilimia mbili. Hata hivyo neno "wachache" linahitaji kuchambuliwa, kwa sababu katika Afrika Mashariki iPhone yenyewe ni simu ya wachache, lakini hakuna benki inayojiheshimu itakayozindua programu yake bila toleo la iPhone. Wenye simu hiyo ni wachache kwa idadi ila wanadhaniwa kuwa na fedha, basi wanahudumiwa. Uchache unaoumiza, kwa hiyo, haupimwi kwa kuhesabu simu mitaani. Hupimwa kwa uzito wa watumiaji hao katika hesabu za watu wengine, yaani benki, kampuni za usafiri, watengenezaji wa programu za mazungumzo na mitandao ya simu.

Mifumo ambayo mtu anaweza kuihamia leo haifanani, na kosa la kwanza ni kuitia yote katika kapu moja. Kundi kubwa kuliko yote ni Android isiyo na Google. Wengi hawajui kwamba Android ni vitu viwili vilivyogundishwa. Kuna mfumo wenyewe, ambao msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaweza kuuchukua na kuurekebisha. Halafu kuna huduma za Google zilizopandishwa juu yake, ambazo zimefungwa na hutolewa kwa leseni. Ukizitoa huduma hizo unabaki na mifumo kama LineageOS, iliyozaliwa Desemba 2016 kutoka kwenye mabaki ya CyanogenMod, mfumo huria ulioutangulia; /e/OS, iliyoanzishwa na Mfaransa Gaël Duval, yule aliyewahi kuanzisha Mandrake Linux, mfumo huria wa kompyuta; na GrapheneOS, inayojikita katika usalama na ambayo hadi sasa imejifunga kwenye simu za Google Pixel.

Kundi la pili ni la mifumo ya Linux isiyotokana na Android. Humo imo Sailfish ya kampuni ya Jolla ya Ufini, iliyoundwa mwaka 2011 na watu waliotoka Nokia. Imo pia Ubuntu Touch, ambayo kampuni ya Canonical iliiacha mwaka 2017 na jumuiya ya UBports ikaiokota na kuilea hadi leo. Kundi la tatu ni KaiOS, mfumo wa simu za vitufe, ulioota kutoka kwenye Firefox OS baada ya Mozilla kukata tamaa na simu mwishoni mwa 2015. Tanzania iliufahamu mwaka 2019, Vodacom ilipoanza kuuza Smart Kitochi. La nne ni HarmonyOS ya Huawei, ambayo toleo lake la Oktoba 2024 lilikata kabisa undugu na Android na halifungui tena programu zake. Kwa kuwa toleo hilo ni la soko la China, sitalirudia, ila linafundisha jambo moja: mfumo mpya unaweza kusimama bila Google pale ambapo mabenki, maduka na serikali ya nchi nzima wamekubali kuuandikia programu. Huawei haikuchagua njia hiyo kwa kupenda. Ilisukumwa Mei 2019, Marekani ilipoiweka kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kununua teknolojia yake bila kibali.

Safu isiyoonekana

Mtu anapoondoa Google kwenye simu hutarajia kukosa ramani, barua pepe na YouTube, na kwa hayo huwa amejiandaa. Kinachomshangaza ni kukosa vitu ambavyo hakuwahi kujua kuwa ni vya Google.

Cha kwanza ni arifa. Katika Android ya kawaida, programu nyingi hazikai macho zikisubiri ujumbe. Google hushika mstari mmoja tu kati ya simu yako na mitambo yake, na ujumbe wowote, uwe wa WhatsApp, wa benki au wa bodaboda uliyoiita kwa programu, hupitia humo na kuiamsha programu husika. Mstari huo ukikosekana, kila programu hulazimika kushika mstari wake yenyewe, na betri hulipa. Au hainyanyuki hadi uifungue kwa mkono, na wewe ndiye unayelipa, kwa kugundua saa nne usiku kwamba mtu alikuandikia saa saba mchana. Programu kama Signal zina njia yake ya akiba. Nyingine nyingi hazina, kwa sababu waliozitengeneza hawakuwahi kufikiria kwamba upo.

Cha pili ni mahali ulipo. Simu ya kawaida hujua uko Kariakoo hata ukiwa ndani ya jengo, kwa kulinganisha majina ya Wi-Fi zilizo karibu na orodha kubwa inayotunzwa na Google. Bila orodha hiyo, simu hutegemea satelaiti peke yake, nazo hazionekani vizuri chini ya zege. Programu za kuita usafiri ndizo zinazoteseka zaidi hapa, kwa kuwa nyingi zimejengwa juu ya ramani za Google na hazijui kuchora nyingine.

Cha tatu ndicho kizito kuliko vyote, nacho ni muhuri. Google ina huduma iitwayo Play Integrity, ambayo programu yoyote inaweza kuiuliza: je, simu hii imeidhinishwa, na mfumo wake ni ule uliotoka nao kiwandani? Jibu likiwa hapana, programu ina uhuru wa kufunga mlango, na programu za kibenki nyingi hufanya hivyo. Nia yao inaeleweka, maana simu iliyofunguliwa kiholela inaweza kuibiwa namba za siri. Kipimo chenyewe, hata hivyo, kina kasoro ambayo wahandisi wa GrapheneOS wamekuwa wakiilalamikia kwa miaka: simu yenye mfumo uliosasishwa wiki hii na kufungwa barabara hunyimwa muhuri wa kawaida kwa sababu mfumo wake haukutoka kwa mtengenezaji aliyeidhinishwa, huku simu isiyopata sasisho la usalama kwa miaka kadhaa ikiweza kupokewa kwa sababu ina karatasi halali. Ukaguzi huo unaulizia ukoo wa simu, na mabenki yanauchukua kana kwamba umeuliza afya yake.

Zipo njia za kati. /e/OS hutumia microG, programu huria inayojifanya huduma za Google na kujibu kwa niaba yake, ili arifa na ramani zifanye kazi bila kuipa Google kila kitu. GrapheneOS imechagua njia tofauti: inakuruhusu kusakinisha huduma halisi za Google, lakini kama programu ya kawaida isiyo na upendeleo, ambayo huomba ruhusa kama nyingine zote na unaweza kuifuta siku yoyote. Kwa njia hii ya pili programu nyingi sana hufanya kazi kama zilivyo kwenye simu ya dukani, isipokuwa zile zinazodai muhuri, pamoja na kulipia kwa kugusisha simu kupitia pochi ya Google. Binafsi naona suluhisho la GrapheneOS ni la mtu aliyekubali dunia ilivyo, na la /e/OS ni la mtu anayetaka dunia ibadilike. Sioni haja ya kumlaumu yeyote kati ya hao wawili.

Mlango wa nyota na reli

Maandishi mengi ya Ulaya na Marekani kuhusu jambo hili husema kwamba kikwazo kikubwa ni malipo. Kwetu hali ni tofauti kwa namna ambayo wengi hawajaitafakari. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hapakuwa na simu janja za kutosha kujengea huduma, kwa hiyo ilijengwa ndani ya laini na kwenye menyu za mtandao wa simu wenyewe. Hadi leo *150*00# ya M-Pesa Tanzania, *150*60# ya Airtel Money na *334# ya M-Pesa Kenya haziulizi simu yako inaendeshwa na nini. Mabenki nayo yalifuata njia hiyohiyo: NMB ina *150*66#, CRDB ina *150*03#, na Equity ya Kenya ina *247#. Mtu wa Berlin au Chicago ambaye programu ya benki yake imemkataa lazima atafute kompyuta au afike tawini. Mtu wa Morogoro hubonyeza nyota na reli, na kodi ya nyumba ikalipwa.

Huo ndio mlango wa pili ambao mfumo wowote wa wachache huuhitaji ili uishi, na sisi tunao kwa bahati ya kihistoria tu. Isidhaniwe lakini kwamba mlango huo ni imara milele. Menyu za reli hazioneshi taarifa ya miamala ya miezi sita, haziombi mikopo yote inayotolewa ndani ya programu, na kampuni zenyewe zinawavuta wateja kwa bidii kuelekea kwenye programu zao. Kuna pia tofauti ya kiufundi isiyotajwa na wauzaji: mifumo yote inayotokana na Android hufungua menyu za reli na menyu ya laini bila tabu, lakini katika mifumo ya Linux huduma hizo hutegemea simu na toleo, na ni juu yako kuzijaribu siku ya kwanza, ukiwa bado na simu ya zamani mfukoni.

Mlango wa tatu ni kivinjari. Benki iliyofunga programu yake kwa muhuri mara nyingi bado ina tovuti inayokubali kivinjari chochote, na hivyo ndivyo zilivyo huduma za serikali, magazeti, tiketi za treni na ndege. Ukitaka kujua kama unaweza kuhama, andika programu zote unazofungua kwa wiki moja, kisha ujiulize kwa kila moja: ikifunga mlango wa mbele, je, kuna wa reli au wa kivinjari? WhatsApp peke yake ndiyo itakayobaki bila jibu zuri. Kwenye Android isiyo na Google inafanya kazi, hata faili yake hupakuliwa kwenye tovuti ya WhatsApp yenyewe, ila nakala ya mazungumzo haiendi tena kwenye hifadhi ya Google bali hubaki ndani ya simu. Simu ikiibwa kwenye daladala, mazungumzo yameibwa nayo, isipokuwa kama ulikuwa ukiyahamishia kwenye kompyuta. Kwenye Sailfish na Ubuntu Touch utaiendesha kwa kuwasha Android ndogo ndani ya mfumo, njia inayowezekana lakini yenye kusuasua, hasa kwa kamera na simu za video.

Na kwenye KaiOS kisa cha Lumia kimejirudia. WhatsApp iliingia kwenye maduka yake ya programu mwaka 2019 kwa shangwe. Juni 2024 ikazuia usajili mpya, na mapema 2025 ikajitoa kabisa. Waliouziwa simu za vitufe kwa tangazo la "WhatsApp ipo" walibaki na kitochi chenye intaneti.

Faida ambazo si za kubuni

Baada ya yote hayo msomaji anaweza kudhani kwamba namshauri akae alipo. La hasha. Sababu za kuhama zipo na zina uzito, ila inafaa zitajwe kwa kipimo chake.

Kuhusu siri, ushahidi ni mzuri. Mwaka 2021 Profesa Douglas Leith wa Trinity College ya Dublin alipima kile ambacho iPhone na simu ya Google hutuma kwa wenyewe zikiwa zimelala tu mezani, na akakuta kwamba kila moja hupeleka taarifa kwa wastani wa kila dakika nne na nusu, hata pale mtumiaji alipozima mipangilio yote inayoweza kuzimwa. Mwaka huohuo yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipima Android za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme, pamoja na LineageOS na /e/OS. Ni /e/OS peke yake iliyokuwa karibu kimya. LineageOS waliyoipima ilikuwa imewekewa programu za Google juu yake, nayo ikapeleka taarifa kwa Google kama wenzake. Hapo pana funzo kwa wale wanaosakinisha mfumo huria asubuhi na kurudisha Play Store mchana, kisha jioni wakasema wamejitoa.

Kuhusu bando sitaki kutia chumvi: simu iliyonyamaza hutumia data kidogo zaidi, lakini kwa mtu anayetazama video tofauti hiyo haionekani.

Uhai wa simu ni faida iliyokuwa kubwa zaidi zamani kuliko sasa. LineageOS bado huipa simu iliyosahauliwa na mtengenezaji wake miaka kadhaa ya ziada, jambo lenye maana katika nchi ambako simu hupita kwa kaka, kwa mdogo wake, kisha kwa bibi kijijini. Lakini watengenezaji nao wameamka: Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwaka uliofuata. Ahadi hizo zinahusu simu za bei ya juu, si za laki mbili, na hapo ndipo mifumo huria ingekuwa na kazi ya kufanya, kama ingeweza.

Kuna jambo jingine lililoongezwa na Google yenyewe. Agosti 2025 ilitangaza kwamba simu zilizoidhinishwa zitakuja kukubali programu kutoka kwa watengenezaji waliojitambulisha kwake tu, hata zisipopitia Play Store, kwa kuanza mwaka 2026 na Brazili, Indonesia, Singapuri na Thailandi. Kwa anayechukua programu zake kutoka F-Droid, ghala la programu huria lililopo tangu 2010, tangazo hilo liligusa mzizi: simu iliyoidhinishwa inapunguziwa uhuru, isiyoidhinishwa inabaki nao. Ila uhuru huo nao una kamba. Juni 2025, Android 16 ilipotoka, Google haikuachia pamoja nayo mafaili ya kuendeshea vifaa vya Pixel kama ilivyokuwa desturi, na wajenzi wa mifumo huria wakajikuta wanafanya kwa jasho kazi iliyokuwa ikija bure. Anayehamia Android isiyo na Google amehama nyumba, ila bado anachota maji kwenye kisima kilekile.

Usalama wenye pande mbili

Hakuna eneo lenye maneno mengi ya kupotosha kama hili. Ili kubadilisha mfumo, sharti uondoe kufuli kwenye programu ya mwanzo kabisa inayoiwasha simu, ambayo mafundi huiita butiloda. Kufuli hilo ndilo linalohakikisha kwamba mfumo unaowaka haujaguswa na mtu. GrapheneOS hukuruhusu kulifunga tena baada ya kusakinisha, kwa ufunguo wake yenyewe, na /e/OS hufanya hivyo kwenye baadhi ya simu kama Fairphone. LineageOS kwa kawaida hubaki wazi. Atakayeishika simu hiyo kwa nusu saa anaweza kupandikiza kitu ndani yake.

Isitoshe, simu ina programu za ndani zaidi, za kuendesha redio, kamera na prosesa, ambazo hutolewa na watengenezaji wa chipu peke yao. Mtengenezaji akiziacha, hakuna jumuiya ya kujitolea inayoweza kuziandika upya. Simu ya mwaka 2016 yenye LineageOS mpya ni kama nyumba iliyopigwa rangi na kubadilishwa milango huku msingi ukiwa na nyufa zilezile. Ni bora kuliko simu hiyohiyo isiyosasishwa chochote, lakini asikudanganye mtu kwamba imekuwa salama kama mpya.

Simu uliyonayo huenda haikubali

Nimeacha hadi sasa kizuizi kinachowamaliza wengi kabla hawajaanza. Ukifungua orodha za simu zinazokubaliwa na mifumo hii utayaona majina ya Pixel, Fairphone, Sony Xperia, OnePlus, Motorola na baadhi ya Xiaomi yakijirudia. Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zilizojaa kwenye maduka ya Afrika Mashariki, ni nadra kuzikuta humo. Sababu si dharau. Nyingi hutumia chipu za MediaTek na Unisoc za bei nafuu, ambazo nyaraka na misimbo yake haipatikani kwa urahisi, na waandishi wa mifumo huria wengi wanaishi mahali ambapo simu hizo haziuzwi. Mtu huandikia simu aliyonayo mkononi.

Pixel nazo Google haiziuzi rasmi katika nchi zetu. Zinazopatikana ni zilizoagizwa, nyingi zikiwa zimetumika, kutoka Marekani au kwa kupitia Dubai. Hapo kuna mtego wa kuujua kabla ya kutoa fedha: Pixel zilizouzwa kupitia mtandao wa simu wa Verizon wa Marekani haziruhusu kuondoa kufuli la butiloda, hata zikiwa zimefunguliwa kutumia laini yoyote. Mwuzaji atasema "hii ni unlocked" na atakuwa anasema kweli, ila kuhusu kufuli jingine. Ingia kwenye mipangilio ya watengenezaji programu ndani ya simu, uunganishe intaneti, uangalie kama kitufe cha kuruhusu kufungua kinabonyezeka au kimefifia. Kikiwa kimefifia, rudisha simu hiyo kaunta hata kama bei inakushawishi.

Kwa Waswahili wanaoishi Marekani kuna jaribio la ziada. Mitandao mikubwa ya huko ilizima 3G mwaka 2022, na tangu hapo sauti husafiri kwenye 4G kwa njia iitwayo VoLTE, ambayo mifumo ya Linux imeishughulikia kwa shida na kwa baadhi ya simu tu. Simu isiyoweza kupiga simu ni kompyuta ndogo, na kompyuta ndogo haikusaidii unapohitaji gari la wagonjwa. Nyumbani tatizo hilo halijauma kwa kuwa mitambo ya 2G na 3G bado inabeba sauti.

Kuhama bila kuvunja daraja

Mafundi wenye busara hawahami kwa siku moja, na kwa bahati nzuri desturi yetu ya kubeba simu mbili na laini tatu inawafaa. Laini yenye fedha hubaki kwenye kitochi au kwenye simu ya zamani kwa mwezi au miwili, na simu mpya hupewa laini isiyo na akiba, ikatumika kwa kila kitu kingine. Katika kipindi hicho ndipo hujitokeza yale ambayo hakuna makala inayoweza kuyatabiri. Benki yangu, kwa mfano, ambayo sina sababu ya kuitaja, ilinifungulia programu yake kwa wiki tatu bila neno, kisha baada ya sasisho moja ikakataa. Niliyempigia simu kwenye huduma kwa wateja alikuwa mpole sana na hakuwa na habari yoyote ya ninachokizungumzia. Nimerudi kwenye reli, na sijahama benki wala mfumo.

Kabla ya kuondoa kufuli, hamisha kwanza picha, majina, na hasa zile namba za uthibitisho zinazozalishwa ndani ya simu kwa ajili ya kuingilia barua pepe na akaunti nyingine, kwa kuwa hatua ya kufungua butiloda hufuta kila kilichomo. Weka pia kando mfumo wa asili wa simu yako. Kwa Pixel, Google huutoa bure na unaweza kuurudisha kwa kebo na kivinjari cha kompyuta. Ukiamua kurudi, fuata mpangilio: mfumo wa asili kwanza, kufuli baadaye. Aliyefunga kufuli wakati mfumo usio wa asili bado umo ndani, bila kuwa na ufunguo wake, anaweza kujikuta na simu isiyowaka tena.